Neno Ndilo Sheria: Mpatanishi wa Jamii ya Wayuu

Kaskazini kabisa mwa Amerika ya Kusini kuna rasi kame iitwayo La Guajira, iliyokatwa na mpaka wa Kolombia na Venezuela. Wenyeji wake waliitwa Waguajiro na Wahispania. Wao wenyewe hujiita Wayuu, yaani watu. Asiye wao ni alijuna. Lugha yao, Wayuunaiki, ni ya jamii ya Kiarawaki. Makala haya yananuia kuonyesha jinsi lugha hii inavyobeba sheria.

Wayuu huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo ni eirruku, neno ambalo pia humaanisha nyama ya mwili. Kwa hivyo, kosa la mtu mmoja huwa deni la nduguze wa kuukeni. Damu ikimwagika au mifugo ikiibwa, waliokosewa humtuma pütchipü'üi kwa jamaa za mkosaji. Jina hilo limetokana na pütchi, yaani neno. Aghalabu mjumbe huyu ni mjomba wa watu, mzee aliyekomaa kwa usemi. Yeye si hakimu. Hana askari wala gereza. Hupeleka neno, hupokea jibu, hurudi, hadi pande mbili zikubaliane fidia: mbuzi, kondoo, ng'ombe au mikufu ya vito. Jamaa huchanga, na kisasi huzuiwa. Mwaka 2010, UNESCO iliuorodhesha utaratibu huu miongoni mwa turathi za binadamu zisizoshikika.

Kihispania humwita mjumbe huyu palabrero. Ikumbukwe kuwa neno hilo, katika matumizi ya kawaida, humaanisha mropokaji, mwenye ahadi nyingi asizotimiza. Tafsiri imemgeuza mlinzi wa neno kuwa mwenye maneno!

Hapa ndipo penye suala zito. Katiba ya Kolombia ya 1991 inazitambua lugha za wenyeji kuwa rasmi katika maeneo yao. Miguel Ángel Jusayú, mwandishi kipofu wa Kiwayuu, aliandika sarufi, kamusi na hadithi. Hata hivyo, kamusi huhifadhi neno tu. Haiwezi kulibeba hadi mlangoni kwa mkosaji. Kijana anayejua Kihispania pekee atawezaje kurithi kazi ya mjomba wake?

Sisi tunaosoma fasihi simulizi tumezoea kuuhesabu usemi kuwa sanaa. Wayuu wanatukumbusha kuwa usemi ni taasisi pia, na lugha ikifa, hufa na mahakama yake.