Bwana na Bibi Watembea Mwanza

Wanachama wenzetu, tumepata habari za safari inayofaa kusimuliwa. Mwenzetu mmoja wa Wete, baada ya kuuza karafuu zake, alimchukua mkewe wakaenda Mwanza kutembea tu. Majirani walinung'unika kuwa fedha za msimu zimetupwa ziwani. Sisi hatusemi hivyo. Bibi huyu amechambua na kuanika karafuu tangu alipoolewa, naye alikuwa hajapata kuvuka bara.

Pale Capri Point walipanda boti, na baada ya muda mfupi wakashuka kisiwa cha Saanane. Ni kisiwa cha majabali yaliyopandana. Wakazi wake ni swala, tumbili, na pimbi waotao jua. Bibi alichota maji ya ziwa kwa kiganja, akaonja, akacheka. Mtu wa kisiwani aliyezoea chumvi pande zote haamini mpaka ulimi ushuhudie.

Kisiwa kimeitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekaa hapo kabla ya Serikali kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa.

Bibi akauliza, "Na shamba lake je?" Mtembezaji akamwonyesha mawe na nyasi.

Mume atuambia kuwa njia nzima ya kurudi mkewe hakutaja wanyama. Alitaja mikarafuu aliyoachiwa na baba yake, ambayo mpaka leo haina hati. Jumatatu walifika ofisini kwetu wote wawili, na karatasi za zamani mkobani.