Dumu la maji kwa sekunde 40

Msomaji wa Kalemie, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, ananiuliza: lori lake, au kamyo kama wanavyosema kwao, limeandikwa nguvu za farasi 400. Likitoka bandarini linavuta vizuri. Likianza kupanda kuelekea milima ya Marungu, upande wa Moba, na mzigo kamili, dakika nane hivi zinapita, kisha linalegea kana kwamba limebadilishiwa injini. Je, ameuziwa uongo?

Hapana. Farasi wote 400 wamo, ila hakuna aliyewaahidi kwa saa nzima. Sitaeleza dizeli inavyowaka wala turbo inavyosukuma hewa. Fundi wa gereji ya jirani atakueleza vizuri kuliko mimi. Ninachokipenda katika swali hili ni joto, na njia linazotafuta ili litoke.

Chukua lori na trela, jumla tani 40, kwenye mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100, barabara ya vumbi, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kazi hiyo inadai kilowati 260, yaani farasi wapatao 355. Injini nzuri ya dizeli hugeuza kuwa mwendo kama asilimia 40 tu ya nishati ya mafuta, kwa hiyo mafuta yanatoa kilowati 650. Sehemu kubwa ya zinazobaki hutoka na moshi, na karibu 160 huingia kwenye maji ya rejeta. Kilowati 160! Chota dumu la lita 20 ziwani, maji yakiwa na nyuzi 25: joto hilo litalichemsha kwa sekunde 40. Halafu dumu la pili, la tatu, madumu 90 kwa saa. Nilirudia hesabu hii mara mbili ndipo nikaamini.

Sasa litazame ziwa lenyewe. Maji huingia kwa mvua na mito, Ruzizi kutoka kaskazini, Malagarasi kutoka mashariki. Mengi hupaa kama mvuke, mengine hutoka kwa mto Lukuga, hapo hapo Kalemie. Fikiria maji hayo ni joto la injini: usawa wa ziwa ndio geji ya joto. Mvuke ni bomba la moshi. Lukuga ni rejeta. Mvua ya siku moja haizamishi mji kwa sababu ziwa ni pana, lina pa kuyaweka maji. Injini nayo ina pa kuliweka joto. Tani moja ya chuma na lita 50 za maji, rejeta ikizidiwa kwa kilowati 30 tu, hupanda nyuzi zisizofika 3 kwa dakika. Kutoka nyuzi 85 hadi 105 ni dakika saba na nusu. Ndizo dakika nane za msomaji wangu! Muda huo wote lori lilikuwa linajaza ziwa.

Na Lukuga huziba. Mvumbuzi Mwingereza Cameron aliufikia mto huo mwaka 1874. Mvumbuzi mwenzake Stanley alipofika 1876 alikuta mlango wake umesongwa na mafunjo na tope, maji karibu yamesimama. Ziwa likazidi kupanda hadi likavunja kizuizi, na mwaka 1879 mmisionari Hore akauona mto ukienda kwa kasi. Rejeta iliyojaa vumbi na majani ni Lukuga ya 1876. Lori la kisasa halingoji kupasuka: kompyuta yake hupunguza mafuta, na dereva huhisi farasi wametoroka. Lori la zamani huchemka, na gasketi ikaungua.

Namba ya 400 hupimwa injini ikiwa imefungwa kwenye mtambo wa maabara. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa inaagiza kwamba feni inayoweza kujitenga ipimwe ikiwa imetengwa. Mlimani, kwa kilomita 30 kwa saa, upepo wa mwendo ni haba. Feni inaamka na kula farasi 30 au zaidi, saa ile ile wanapohitajika.

Tuiiteje nguvu inayobaki? "Endelevu" limekwishachukuliwa na mazingira na maendeleo. Msomaji atadhani nazungumzia miti. "Ya kudumu" linaahidi milele. "Stahimilivu" linafanya injini ionekane inavumilia maumivu, ilhali suala ni joto kupata njia. Ninachagua nguvu dumifu, kutoka kitenzi dumu, kama udumifu. Na ile ya kwanza iwe nguvu tangazwa.



Marekani wana kipimo kinachokaribia nguvu dumifu kwa magari yao ya kuvuta trela: mlima wa Davis Dam, Arizona, zaidi ya kilomita 18 za kupanda, hewa ikiwa na nyuzi 38, kiyoyozi kikiwa kimewashwa hadi mwisho. Lakini si lazima kwenda mbali hivyo. Jenereta nyingi za dizeli, zile wanazoziita grupu Kalemie, zina kibati chenye namba mbili: nguvu ya dharura, na nguvu ya kazi ya kila siku, ambayo ni ndogo zaidi. Kibati hicho hicho nakitaka ndani ya lori, kando ya geji ya joto, dereva akione kabla ya kuingiza gia ya mlima.