Kiunzi cha Seli

Napenda kuwaeleza kitu kinachoisimamisha seli. Ndani yake mna kiunzi cha protini, nacho kina sehemu tatu.

Kwanza ni nyuzi za aktini, unene wake yapata nanomita 7 (nanomita milioni 1 ni milimita 1). Hizo huiwezesha seli kujongea. Pili ni nyuzi za nanomita 10 hivi, zisizokatika upesi. Tatu ni mirija ya tubulini, nanomita 25, ambayo ni njia za kupitishia mizigo.

Lakini kiunzi hiki si kama mifupa yetu. Ni kama jukwaa la waashi: hujengwa, hubomolewa, hujengwa tena. Seli inapogawanyika, mirija hujipanga upya ikavuta kromosomu pande mbili.

Faida ya kuyajua haya ni kubwa. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, alitangaza habari za saratani inayovimbisha taya za watoto. Mojawapo ya dawa zake ni vinkristini, itokayo katika mmea wa maua wenye asili ya Madagaska. Huizuia mirija isijengwe, na seli ya saratani hushindwa kugawanyika.

Walakini mishipa ya fahamu nayo hupitisha mizigo yake katika mirija hiyo hiyo, ndiyo sababu mgonjwa huweza kufa ganzi mikono na miguu. Basi daktari hana budi kuipima dawa hiyo kwa uangalifu mwingi.