Mtaji wa Mwanamke Mfanyabiashara Wilayani Mbinga (Sehemu ya Tatu): Dhamana, Kikundi na Kalenda ya Mazao

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, kilimo cha ngolo, yaani cha mashimo yanayochimbwa mteremkoni ili kuzuia mmomonyoko, hugawanywa kwa desturi baina ya jinsia mbili: wanaume hufyeka majani na kuyapanga katika miraba, na wanawake huyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba. Umiliki haufuati mgawanyo huo. Ntambo, yaani mgongo wa mlima ulio baina ya vijito, hurithiwa kwa upande wa baba, na mibuni iliyo juu yake huhesabiwa kuwa ya mwanamume. Kwa hiyo hata katika AMCOS, chama cha msingi kinachokusanya kahawa kabla ya kupelekwa mnadani, jina lililomo kwenye leja mara nyingi ni la mume. Mwanamke wa kata ya Matiri anayetafuta mtaji wa kununua maharage ili akayauze Mbinga mjini au Songea hukwama hapo, kabla hata riba haijatajwa.

Benki huomba dhamana, yaani mali ambayo itauzwa iwapo deni halitalipwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na ya mwanamume katika ardhi ya kijiji, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina ya wanandoa wote wawili. Hata hivyo hati hiyo huwatia wakopeshaji wengi mashaka, kwa kuwa shamba la kijijini haliuzwi kwa yeyote bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo hukata pande mbili: inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi, jambo linalomkinga mke na madeni ya mumewe, lakini mke akitaka kukopa kwa nyumba hiyohiyo, naye hana budi kupata idhini ya mume.

Kuisogeza benki karibu na wananchi kulijaribiwa. Benki ya Jamii ya Mbinga ilikuwapo hapohapo wilayani, lakini Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania iliifutia leseni kwa upungufu wa mtaji na ukwasi, yaani fedha taslimu za kuwalipa wenye amana wanapozihitaji. Januari 2018 ilifuata benki ya Covenant, iliyoanzishwa kwa ajili ya wanawake, na mwaka huohuo Benki ya Wanawake Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 2009, ikaunganishwa na Benki ya TPB. Ujirani na nia njema, kumbe, havitoshi kuiendesha benki.

Kilichodumu ni kikundi cha kuweka na kukopa. Mfumo huu, ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambao nchini Tanzania una ndugu yake aitwaye VICOBA, huwakutanisha wanachama kila wiki wakanunua hisa, fedha zikatunzwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na riba ikawarudia wenyewe siku ya kugawana. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilivitambua vikundi hivi katika daraja la nne. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wote ni wakulima, hivyo msimu wa mbolea ukifika wote wanataka kukopa siku moja na sanduku halitoshi. Anayekosa huangukia kwa wakopeshaji wa kausha damu, jina ambalo watu wenyewe wameipa mikopo ya haraka yenye riba ya kukamua.

Mkopo wa halmashauri ya wilaya usio na riba, ambao kwa marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2018 huwatengea wanawake asilimia 4 ya mapato ya ndani, ungeweza kuziba pengo hilo. Ulisitishwa Aprili 2023 kutokana na marejesho mabaya, ukarejeshwa mwaka 2024. Lakini katika wilaya inayotegemea ushuru wa mazao, kahawa ikiyumba fungu hilo nalo hupungua, tena katika mwaka ambao wanawake wanalihitaji zaidi.

Jambo linalosahaulika mno ni kalenda. Mama anayenunua usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, pale Mbamba Bay au Liuli, akawaanika na kuwapandisha Mbinga, huzungusha fedha yake kwa siku chache, na marejesho ya kila wiki hayamsumbui. Mwenye kahawa huvuna kuanzia katikati ya mwaka na kulipwa baadaye. Kumdai kila mwezi tangu Januari ni kumlazimisha auze mahindi ya chakula. Mkopeshaji angeweza kuanza na daftari la kikundi, ambamo hisa na marejesho ya kila mwanachama yameandikwa wiki kwa wiki, na akapanga tarehe za malipo kwa kufuata biashara yenyewe. Daftari hilo tayari lina jina la mwanamke.

(Itaendelea)