Hadaa ya Joto la Pombe

Mnamo miezi ya Juni na Julai, ukungu unapoteremka juu ya mashamba ya mboga ya Lushoto na watu wakajitanda mablanketi hata adhuhuri, husikika katika vilabu vya boha, pombe ile ya miwa iliyozoeleka tangu zamani katika Usambara, dhana moja ambayo imewadhuru wengi: kwamba pombe hupasha mwili joto.

Mwili ukipatwa na baridi hubana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, ili joto lihifadhiwe moyoni na ubongoni. Pombe huilegeza mishipa hiyo, damu yenye moto ikafurika ngozini, uso ukawaka, na mnywaji akadhani ameota moto, ilhali joto lake latoweka hewani. Isitoshe, pombe hupunguza kutetemeka, ambako ndiko mwili hujizalishia joto, na hulizuia ini la asiyekula lisitengeneze sukari ya kutosha. Kwa hiyo mlevi aliyelala kando ya njia usiku wa mvua, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, aweza kupoa hadi kufa bila ya kuhisi kwamba anapoa. Hapa ndipo palipo msiba wa ulevi wote: huziharibu kwanza hisia zilezile ambazo zingemwonya mtu.

Hali ya akili ni hiyo hiyo. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kilevi asilimia 5, ina takriban gramu 20 za kilevi, na ini la mtu mzima aghalabu huondoa gramu 7 hadi 10 tu kwa saa. Wala kahawa, wala maji baridi kichwani hayaliharakishi. Aliyekunywa chupa nne jioni, hata akijiona mzima wa fahamu, angali na kilevi damuni usiku wa manane, na barabara itokayo Mombo kupitia Soni, yenye kona kali na magenge, haimsamehe dereva wala mwendesha bodaboda aliyechelewa kukanyaga breki kwa nukta moja.

Gongo lina hatari zaidi, nalo lilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1966, ambamo huitwa moshi. Nguvu yake haijulikani kwa mnywaji wala kwa muuzaji, na pengine huchanganywa na methanoli, ambayo haina ladha ya kuitofautisha. Methanoli ndiyo iliyowaua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, Novemba 2000, na kuwapofusha wengine. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu mishipa ya fahamu ya macho; na kwa kuwa dalili huweza kuchelewa nusu siku au siku nzima, mgonjwa hudhani ni uchovu wa ulevi wa jana, akajilaza, hali yampasa kukimbizwa hospitali mara tu macho yaonapo ukungu.

Hospitali ya Lutindi, upande wa Korogwe wa milima hii, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 yawapokea wagonjwa wa akili. Nawaomba wenye jamaa mlevi wasione haya kutafuta msaada wa namna hiyo, na zaidi wasimfungie nyumbani ili aache kwa nguvu. Aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikatizwa ghafla, huweza kupatwa na degedege, na kati ya siku ya pili na ya nne akatetemeka, akaona visivyokuwapo, hata akafa. Tabibu humpa dawa ya kumtuliza, akaipunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo mlevi asiyekula huikosa, na ambayo upungufu wake huweza kumwondolea kumbukumbu maisha yake yote.