Mkeo akitaka kupungua, anza na chungu

Mume alianza kujibu kabla sijamaliza swali. "Dokta, huyu tatizo lake mdomo. Juzi tu nimemkuta saa nne usiku anakula chapati jikoni." Mkewe, kilo 94, aliyetumwa kwangu kwa sababu ya presha, aliinamisha kichwa akawa anachezea pindo la khanga. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, ila hapa kliniki sote huitwa dokta. Nikamuuliza yule baba: chapati hizo zilipikwa kwa ajili ya nani? Akakaa kimya kidogo. "Zangu. Mimi bila chapati usiku sishibi."

Katika nyumba nyingi za kwetu, mwanamke anayetaka kupungua ndiye anayepikia nyumba nzima. Anakanda, anasukuma, anachoma, harufu yote inampitia puani, kisha anaambiwa aende pembeni akale tango. Sijui nani angeweza hilo kwa zaidi ya wiki mbili.

Mwili nao haumsaidii. Uzito ukianza kushuka, mwili unadhani njaa imeingia nchini. Homoni inayoamsha njaa inapanda, ile ya kushibisha inashuka, na nguvu inayotumika hata mtu akiwa amekaa tu inapungua. Hali hiyo imeonekana kudumu hata mwaka mmoja baada ya uzito kupungua. Kwa hiyo aliyekutwa jikoni saa nne usiku hajakosa haya. Anapambana na mwili wake, na sasa ana askari ndani ya nyumba. Nimewasikiliza wengi: anayesemwa kila akinyoosha mkono haachi kula, anajifunza kula kwa kujificha.

Ndiyo maana wanandoa wakija kwangu, nazungumza kwanza kuhusu chungu. Nilimpa yule mama kikombe cha maji, nikamwomba amimine kwenye bakuli kama anavyomimina mafuta ya kuungia mchicha. Akamimina kwa macho, kama tunavyofanya wote. Tukapima kwa kijiko kikubwa cha chakula: vijiko 11. Kijiko kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au ya nazi. Yaani kalori 1,320 kwenye mboga peke yake. Kwa watu wanne, kila mmoja 330, kabla hajagusa ugali. Vikitiwa vijiko vinne, kila mtu anabaki na 120. Kitunguu na nyanya bado vinafanya kazi yao, na hakuna anayelala na njaa. (Msikimbilie tui zito na karanga kufidia; nayo ni mafuta.)

Kipimo hicho hakiwezi kuwa cha mama peke yake, kwa sababu chungu ni kimoja. Lazima na baba ale mchicha wa vijiko vinne, na chapati zihamie Jumapili. Sukari nayo hivyo hivyo: vijiko vitatu vya chai kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi. Na soda zisiwekwe kwenye friji ili mtu apimwe imani yake.

Liko jambo ambalo wanaume hawanitamkii mpaka mke atoke nje. Mwanamke akinenepa baada ya harusi, watu husema ndoa imemkubali. Akikonda, wanauliza anaumwa nini, na minong'ono ya Ukimwi bado haijaisha mitaani. Au wanasema mume hamlishi. Nimekutana na waume waliokuwa wakileta chipsi mayai kila jioni kwa hofu hiyo tu, huku wakiamini wanaonyesha mapenzi. Huwa nawaambia: mama yako akiuliza mkeo mbona amekwisha, jibu wewe, tena mbele za watu. Sema tumekubaliana, tunatunza afya. Mke akiachiwa ajitetee peke yake kwa mawifi, atarudia sahani ya pilau kwenye shughuli ya kwanza.

Kutembea ni dakika 150 kwa wiki, kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo. Wengi hawana hizo dakika kwa sababu ya vyombo, watoto na maji ya kuoga. Baba akiosha vyombo, nusu saa imepatikana. Wakitoka pamoja jioni, na usalama umepatikana. Na kama mke ameanza kunenepa tangu alipopewa dawa fulani, au sindano ya uzazi wa mpango, asiiache kienyeji. Amwone aliyempa.

Kwa yule mama, lengo letu la kwanza lilikuwa kilo tano. Mtu akipunguza hata asilimia 5 tu ya uzito wake, presha na sukari kwa kawaida huanza kuitikia, na hizo ni kilo zinazoondoka taratibu, nusu kilo kwa wiki au chini ya hapo.

Walirudi baada ya miezi mitatu. Mizani ilisoma 89, na presha ilikuwa imeteremka. Nikauliza mambo yakoje nyumbani. Mume akafungua mdomo, akaufunga, akamgeukia mkewe.

"Mama watoto, mwambie mwenyewe."