Manukato ya dola 50 yanapofuata nyayo za yale ya dola 400

WAPENZI wa manukato wamekuwa wakijiuliza kama kuna sababu ya kulipa zaidi ya dola 400 za Marekani kwa chupa moja ya kifahari, ilhali ipo nyingine yenye harufu inayokaribiana nayo kwa bei isiyofika dola 50.

Mfano unaotajwa sana ni Aventus, manukato ya kiume yaliyotolewa na kampuni ya Creed mwaka 2010, na Club de Nuit Intense Man ya Armaf, nembo ya kiwanda cha Sterling cha Dubai, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo huufuata kwa bidhaa za kila aina.

Tofauti hujitokeza mara tu manukato yanapopulizwa. Aventus huanza na nanasi bivu, laini. Ya Armaf huanza na ukali wa limau unaoweza kumkimbiza mnunuzi. Hata hivyo, chembechembe za limau ni nyepesi na hupotea hewani mapema. Zikishatoweka, hubaki miski na harufu kama ya moshi wa kuni, na hapo si rahisi kuyatofautisha.

Ufanano huo si wa bahati. Zipo mashine za maabara zinazotenganisha viungo vya manukato kimoja kimoja na kupima kiasi chake. Kinachowashinda waigaji ni mafuta ya asili: ya waridi pekee yana kemikali zaidi ya 300, nao huziba pengo kwa chache za kiwandani.

Sheria nayo haijatoa jibu moja. Juni 2006, mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba harufu haina hakimiliki. Siku tatu baadaye ile ya Uholanzi ikaamua kinyume, katika kesi ya Lancôme kuhusu manukato yake ya Trésor. Mwaka 2009, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataza orodha zinazomweleza mteja ni manukato gani yanayoigwa.

Bidhaa bandia ni suala jingine kabisa. Armaf huweka jina lake kwenye chupa. Mghushi huweka la Creed, na mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo. Kwa hiyo “Aventus” ya dola 60 ndiyo ya kuogopwa, kuliko ile ya Armaf.